Maji ya Elgon, Mji wa Turkwel: Kwa Nini Jubilei Yetu Inaelekea Lodwar



Wapendwa waumini na wanakwaya, kurasa zilizotangulia zimewaeleza historia ya kwaya yetu, waasisi wake na walimu wake. Kurasa hizi ni za mji wa watu wengine. Kamati ilipopitisha kwamba safari ya jubilei itakuwa ya Lodwar, na kwamba sehemu ya sadaka ya jubilei itasafiri pamoja nasi, palitokea maneno. Wapo waliosema heri Kisumu, kuna ziwa na hoteli. Wapo waliosema kinanda chetu kimechoka, hivyo fedha zikae nyumbani. Na mzee mmoja wa sauti ya nne, ambaye huwa hasemi ovyo, akauliza: "Sisi wa Kitale na Bungoma tuna undugu gani na Lodwar?"

Swali hilo halikujibiwa vizuri siku ile, maana muda ulikuwa umekwisha na mvua ilikuwa inakuja. Tumeona tulijibu hapa, kwa nafasi, ili kila mmoja asome kabla ya kupanda basi.

Tuanze na mlima. Wa Bungoma tunauona Elgon upande wa kaskazini, wa Kitale tunauona upande wa magharibi, na sote tumezoea kufikiri kwamba maji yake ni yetu. Mito mingi ya upande wetu huingia Nzoia, na Nzoia huenda Ziwa Viktoria. Lakini uko mto mwingine unaotoka kwenye bonde la kileleni kabisa, ukashuka upande wa mashariki na kuwa mpaka wa Kenya na Uganda. Huo ndio Suam. Waliowahi kwenda sokoni Suam wamelivuka daraja lake. Mto huo hugeuka kaskazini, ukaingia nchi ya Pokot Magharibi, ukapenya katikati ya majabali, na ukitoka huko haiitwi tena Suam. Inaitwa Turkwel. Turkwel hukata jangwa lote la Turkana mpaka Ziwa Turkana, na pale katikati ya safari yake, ukingoni, ndipo ulipo mji wa Lodwar.

Kwa hiyo mvua moja ikinyesha juu ya Elgon, tone moja linakuja kwetu na tone jingine linakwenda kwao. Sisi tuko kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari hapa Kitale, na tunapata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Lodwar iko kwenye mita 500 hivi, na mvua yake ni kama milimita 200, ikikumbuka kuja. Bila mto huo pasingekuwa na mji.

Undugu wa pili ni wa damu na lugha. Waiteso wa Malakisi na Malaba, ambao wamo katika kwaya hii tangu zamani, ni ndugu wa Waturkana. Wote ni wa kundi la Ateker, pamoja na Wakaramojong, Wajie, Watoposa na Wanyangatom. Mwiteso akisema maji ni akipi, Mturkana husema ngakipi. Waimbaji wetu wa Kiteso wameambiwa wajiandae kutafsiri, na wao wameahidi, ingawa wanasema Kiturkana kinakwenda mbio.

Hata mipaka ya serikali iliwahi kutuweka nyumba moja. Nchi inayoitwa Bungoma leo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda mpaka mwaka 1902, ilipohamishiwa Kenya. Turkana nayo ilihesabiwa upande wa Uganda mpaka mwaka 1926. Mwaka huohuo wa 1926 ndio reli ilifika Kitale, na kuanzia hapo Kitale ikawa mlango wa kaskazini. Kila kitu kilichokwenda Turkana kwa njia hii, chumvi, nguo, askari na barua, kilishushwa kwenye stesheni yetu kwanza.

Waturkana hawakuupokea utawala huo kwa makofi. Walipigana na Waingereza kwa miaka mingi, wakiongozwa na watu kama Ebei na nabii Loolel Kokoi, hadi msafara mkubwa wa kijeshi wa mwaka 1918 uliowanyang'anya mifugo kwa maelfu. Baada ya hapo nchi yao ikafanywa wilaya iliyofungwa. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Hakukuwa na shule wala misheni ya maana kwa zaidi ya miaka 30. Tunapowasikia watu wakisema kwamba Turkana wamechelewa, tukumbuke kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo haukuwa mikononi mwao.

Mji wenyewe ulianza kama duka. Katika miaka ya 1930 mfanyabiashara aitwaye Shah Mohamed alifika ukingo wa Turkwel akaweka biashara yake pale, na watu wa Lodwar humtaja mpaka leo kama mjenzi wa kwanza wa mji. Karibu na duka yakaja majengo ya serikali, kituo cha polisi, na gereza. Watu walifuata maji, maduka yakafuata watu. Ukiutazama ukingo wa mto utaona sababu nyingine: mikoma. Mti huu una kazi mia. Matunda yake huliwa, majani yake huezeka nyumba, na wanawake husuka makuti yake kuwa vikapu na mikeka ambayo hufika mpaka soko letu. Wakati wa kiangazi mto ukikauka juu, watu huchimba mchangani na maji hupatikana chini.

Kwa Wakenya wengi jina la Lodwar lilijulikana kwa ajili ya wafungwa. Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria kuanzia Desemba 1952. Kapenguria wakati ule haikuwa na hoteli, hivyo mawakili walilala Kitale hapa na kusafiri kwenda na kurudi. Baada ya hukumu ya Aprili 1953 walipelekwa Lokitaung, mbali kaskazini, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, akakaa huko chini ya ulinzi hadi mwaka 1961. Mwezi Machi mwaka huo viongozi wa KANU na KADU walimfuata Lodwar kuzungumza naye. Mji wa maduka machache na vumbi ukawa kwa siku hizo ndio mahali ambapo mustakabali wa Kenya unajadiliwa. Halafu ndege zikaondoka, na mji ukabaki na joto lake.

Mwaka huohuo, 1961, ndio uliobadilisha kila kitu, na hapa ndipo kanisa linaingia. Ukame wa miaka 1960 na 1961 uliua mifugo kwa wingi. Kisha mwishoni mwa 1961 ikaja mvua kubwa iliyoleta mafuriko, na yale yaliyosalia yakachukuliwa na maji. Maelfu ya watu wasiokuwa na mnyama hata mmoja walikusanyika kwenye vituo vya chakula, Lodwar ikiwa mojawapo. Mfugaji asiye na mifugo ni kama mkulima aliyenyang'anywa shamba na jembe siku moja. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuwafungulia wamisionari mlango ili wasaidie. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick, wale tunaowaita Kiltegan, wakaingia, na baadaye masista wa Medical Missionaries of Mary. Ndugu zetu wa Africa Inland Mission nao walijenga kituo Lokori, kwenye bonde la Kerio. Masista walizunguka na zahanati za kuhamahama, na mmoja wao, Sista Michael Therese Ryan, alijifunza kurusha ndege ili kuwafikia wagonjwa. Wanawake wetu wa sauti ya kwanza wamependa sana habari hiyo, na tumeambiwa wameshaitungia utani.

Wakati huo Turkana na Kitale zilikuwa jimbo moja. Zote mbili zilikuwa chini ya Eldoret, iliyofanywa jimbo mwaka 1959. Turkana ilitengwa kuwa Prefektura ya Lodwar mwaka 1968, ikawa jimbo kamili mwaka 1978, chini ya Askofu John Mahon. Jimbo la Kitale lilizaliwa kutoka Eldoret mwaka 1998, na askofu wetu wa kwanza, Maurice Crowley, alikuwa wa shirika lilelile la Kiltegan. Jimbo la Bungoma lilikuwa limetoka Kakamega mwaka 1987. Mkipanga majimbo kama watoto, Lodwar ni kaka wa Kitale: tumbo moja, naye akatangulia kuanza maisha yake kwa miaka 30. Huo ndio undugu tulioulizwa, na umeandikwa kwenye vitabu vya kanisa.

Lakini undugu wa kwenye vitabu huhitaji barabara. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300. Unapita Makutano na Kapenguria, unateremka Ortum, unapenya Marich, unafika Kainuk, halafu Lokichar, halafu Lodwar. Zamani lori lililokwama kwenye laga lingeweza kukaa siku kadhaa likisubiri maji yapungue. Lami ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway, na kwa muda mfupi ikawa barabara ya kujivunia. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi, misaada ikakatika, na lami ikaanza kuliwa na mashimo mpaka madereva wakawa wanapendelea kuendesha pembeni kwenye mchanga. Waliosafiri miaka ya 2000 wanajua tunachosema. Migongo yao haijasahau. Miaka ya karibuni sehemu kubwa imejengwa upya.

Upo msemo wa Turkana ambao kila mgeni husimuliwa. Mtu akipanda gari kuja Kitale husema, "Nakwenda Kenya." Watu wetu hucheka wakiusikia. Sisi tunaona kwamba msemo huo una uchungu ndani yake. Mtu aliyewekwa nyuma ya kizuizi na kibali kwa miaka mingi, kisha akangoja lami miaka mingine, amepima umbali kwa namna yake.

Biashara ya barabara hiyo ndiyo inayolisha nyumba nyingi hapa kwetu. Mahindi, maharagwe, kabeji, viazi, ndizi na sukari hupanda malori Kitale kuelekea Lodwar. Kutoka huko huja mbuzi, ngozi, vikapu, na samaki mkavu wa ziwani ambao hupita kwetu kuelekea Busia. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992 biashara hiyo iliongezeka. Walimu, wauguzi na mafundi wengi kutoka Bungoma na Trans Nzoia wamefanya kazi Lodwar. Baadhi yao wamo katika kwaya hii, na ndio waliotetea safari kwa sauti kubwa kuliko wote. Chuo Kikuu cha Turkana, kilichoko Lodwar, kilianza kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro, kwa hiyo jina la mzee wetu wa Bungoma na Trans Nzoia limefika jangwani kabla ya kwaya yetu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tushikilie safari hii. Katika mkutano ule wengi walizungumza kama vile sisi ndio watoaji na Lodwar ndio wapokeaji. Tuangalie mto tena. Kati ya 1986 na 1991 serikali ilijenga bwawa la Turkwel kwenye lile korongo, ukuta wenye urefu wa mita 153 kwenda juu, na mtambo wa umeme wa megawati 106. Umeme huo ulivutwa kwa nyaya hadi Lessos, ukaingia kwenye gridi ya taifa, ukawasha taa za miji ya huku juu. Lodwar, mji ulio kwenye mto huohuo, uliendelea kwa miaka mingi kutumia jenereta ya dizeli. Mto ulipofungwa, mafuriko ya kawaida yaliyolisha miti ya ukingoni yakabadilika, na wafugaji wanaotegemea miti hiyo kwa malisho ya kiangazi wakalalamika. Kwa hiyo kinanda chetu, tunapokichomeka ukutani, huenda kinapiga kwa nguvu ya mto wao. Hili si la kumlaumu mtu. Tunaliweka tu kwenye hesabu, kwa kuwa wengine walikuwa wanapiga hesabu.

Na mafuta vilevile. Yaligunduliwa mwaka 2012 karibu na Lokichar, na malori ya kwanza yaliyoyabeba kuanzia 2018 yalishuka kwa barabara yetu kuelekea Mombasa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kuna maji mengi chini ya ardhi ya Turkana, watu wakashangilia, kisha yale ya Lotikipi yakapimwa na kuonekana yana chumvi. Wenyeji wamezoea habari njema zinazofika kabla ya bomba. Mti wa mathenge nao uliletwa kwa nia nzuri, uzuie mchanga na utoe kuni. Leo umefunika kingo za mto na miiba yake hutoboa magurudumu na kwato. Ila wenyeji wameufanya makaa, maana mtu wa jangwani hatupi kitu.

Hatuwezi kuandika historia ya barabara hii tukaacha damu. Eneo la Kainuk limeshuhudia wizi wa mifugo na mauaji kati ya Waturkana na Wapokot kwa miaka mingi, na bunduki zimefanya ugomvi wa zamani kuwa mbaya zaidi. Wakati wa ngoroko magari yalisafiri kwa msafara wenye polisi. Waliopoteza mifugo kwa ukame au kwa wavamizi walitembea kusini, na baadhi yao wakafika Kitale. Wapo Kipsongo mpaka leo, na watoto wao na wajukuu. Mtu hahitaji kupanda basi kilomita 300 kumtafuta Mturkana. Kamati imekubali kwamba kabla ya safari kwaya itaimba Misa moja na jumuiya ndogo ya Kipsongo, na kwamba wimbo wetu wa Kiturkana tutafundishwa na akina mama wa huko. Hili lilipita bila kupingwa, na tunamshukuru Mungu.

Lodwar ya leo si kile kituo cha chakula cha 1961. Tangu 2013 ni makao makuu ya kaunti, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 80,000. Napetet, Nakwamekwi na Kanamkemer zimejaa nyumba za mabati pale palipokuwa na miiba. Asubuhi mji huamka mapema kabla jua halijakaza, mchana watu hutafuta kivuli, na jioni upepo ukija mitaa hujaa tena. Laga ya Kawalase, kavu karibu mwaka mzima, inaweza kushuka usiku mmoja na kukata mji mara mbili. Juu ya kilima sanamu ya Yesu imefungua mikono, na chini yake liko Kanisa Kuu la Mtakatifu Augustino, ambako ndiko tutakakoimba.

Kuhusu kuimba kwenyewe, neno kwa wanakwaya. Ngoma ya Waturkana ni edonga. Haina ngoma ya kupigwa. Mdundo hutoka miguuni, kwenye makofi na kwenye kuruka. Sisi tumekulia kwenye kamabeka na litungu, mabega yetu ndiyo yanayocheza. Kwaya za Lodwar huingiza edonga kwenye nyimbo za Misa, na mtu aliyezoea kayamba atajikuta anatafuta mdundo ambao uko chini ya viatu vyake. Mwalimu wetu amesema tusiende na kayamba kwenye wimbo ule. Tumemsikia, ingawa wapiga kayamba wamenuna.

Sadaka ya jubilei, kama ilivyopitishwa, itapelekwa kwa kwaya wenyeji wetu, nao ndio watakaoamua itumike kwa nini. Hatutapeleka magunia na kupiga picha. Kinanda kitatengenezwa kwa harambee nyingine, na bahasha zake ziko kwa mweka hazina.

Basi litatoka uwanja wa kanisa saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu tunataka kupita Kainuk jua likiwa juu. Kila mtu abebe maji ya kunywa na kofia. Majoho mazito yabaki nyumbani. Tutavaa sare ya vitenge. Mazoezi ya wimbo wa Kiturkana ni Jumanne na Alhamisi jioni, na sauti ya kwanza wanaombwa wasikose, kwa kuwa ubeti wa pili bado unawashinda.